Katuni za Disney zitazamwe kwa mpangilio wa miaka

Anayetaka katuni kwa ajili ya watoto pale Ngara mjini, au kwenye vibanda vya stendi ya Biharamulo, hana haja ya kujua jina la filamu. Anampa kijana wa duka flashi, anasema "niwekee za watoto," kijana anabofya mara mbili tatu, na baada ya dakika chache flashi imejaa. Ndani yake mna Frozen ya 2013 imekaa juu ya Bambi ya 1942, Shrek imechomekwa katikati, vipande vya Tom na Jerry, Moana iliyokatika kabla ya mwisho, na faili moja lililoandikwa "KATUNI KALI MPYA" ambalo likifunguliwa linatoa Pinocchio ya 1940, filamu iliyotoka pengine kabla babu wa kijana huyo hajazaliwa. Mtoto anatazama vyote kwa mkupuo, na kwake vyote ni vya juzi.

Lundo hilo lina raha yake. Hata hivyo zipo sababu nzuri za mzazi kulichambua: achukue filamu ndefu za studio moja, ya Walt Disney, azipange kwa miaka kuanzia Snow White and the Seven Dwarfs ya 1937, kisha familia izitazame nyumbani moja baada ya nyingine bila kuruka foleni. Ulaya na Marekani shughuli hiyo ni mchezo wa mashabiki. Ngara na Biharamulo ina uzito zaidi, kwa sababu huku mpangilio wenyewe haukuwahi kufika.

Televisheni ilichelewa Tanzania Bara. Zanzibar ilipata kituo chake mapema miaka ya 1970, tena cha rangi, lakini Bara serikali ya Mwalimu Nyerere iliona fedha zina kazi nyingine, na ni mwaka 1994 tu vituo kama ITV vilipoanza kurusha matangazo. Hata hapo, Dar es Salaam si Rulenge ya wilayani Ngara. Miji ya Ngara na Biharamulo iliendelea kwa miaka mingi kuwa nje ya gridi ya Taifa, ikitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, na vijijini watu walikuwa na koroboi hadi sola zilipoingia. Sinema za watoto zilifika kwa kanda za VHS ndani ya mabegi ya watumishi waliohamishiwa huku, zikafuata zile CD za muvi kumi na ushee kwenye sahani moja, halafu flashi. Kazi ya studio ya zaidi ya nusu karne ilishuka kwa pamoja, ya zamani na ya jana, bila mtu wa kusema ipi ilitangulia. Sasa maporomoko ya Rusumo yanatoa megawati 80 zinazogawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, na njia ya kilovolti 220 inatoka hapo hadi kituo cha kupozea umeme cha Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Deki na sabufa vimepata moto. Orodha ndiyo bado.

Na orodha haina ugumu. Studio huzihesabu filamu zake ndefu za katuni kuanzia Snow White, na Encanto ya 2021 ilikuwa ya 60. Toy Story haimo. Hiyo ni ya Pixar. Shrek na Madagascar ni za DreamWorks, Ice Age ni ya Blue Sky. Kijana wa duka atabisha, na abishe. Kwa filamu moja kila Jumamosi usiku, zoezi linachukua zaidi ya mwaka. Kwa nyumba inayotazama wakati wa likizo za Juni na Desemba tu, mtoto aliyeanza akiwa darasa la pili anaweza kumaliza akiwa anajiandaa kwa mtihani wa darasa la saba.

Faida ya kuanzia 1937 inaonekana usiku wa kwanza. Mtoto aliyezoea katuni za kompyuta atauliza nani alichora haya, na jibu ni kwamba walichora watu, kwa mikono, mchoro mmoja mmoja, kwa filamu inayopita kwa picha 24 kila sekunde. Wachoraji walitumia penseli. Kisha wanawake wa idara ya wino na rangi walihamishia kila mchoro kwenye karatasi angavu ya selulosi na kuupaka rangi kwa upande wa nyuma. Kina cha ule msitu wa kutisha anamokimbilia Snow White kilitafutwa kwa kamera iliyosimikwa juu ya tabaka za vioo: miti ya karibu ilichorwa kwenye kioo cha juu, vichaka kwenye cha kati, milima kwenye cha chini kabisa, na kila kioo kilisogezwa kwa mwendo wake. Mzazi mwenye vipande vitatu vya nailoni angavu, kalamu ya wino na tochi anaweza kuionyesha hesabu hiyo mezani baada ya ugali, na wadogo wataishika.

Kabla filamu haijatoka, Hollywood walisema Disney amepagawa. Nani angekaa dakika 83 akitazama michoro? Usiku wa 21 Desemba 1937, kwenye ukumbi wa Carthay Circle mjini Los Angeles, walikaa. Baadaye Oscar ilimpa tuzo ya heshima ya aina yake: sanamu moja ya kawaida na nyingine saba ndogo zilizopangwa ngazi.

Mwaka huohuo wa 1937, Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Waingereza walikuwa wanafunga mradi wao wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Tangu 1935 ulikuwa umetoa filamu zipatazo 35 za kilimo, afya, kodi na kuweka akiba, na lori lilizizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi. Sinema, basi, haikuwa ngeni kwa Mtanganyika. Lililokuwa geni ni wazo kwamba anaweza kuonyeshwa kitu cha kumchekesha tu bila kufundishwa kuchimba choo.

Disney naye alifika kwenye somo la afya. Mwaka 1943, vita ikiwa imepamba moto, serikali ya Marekani ilimwagiza filamu fupi iliyoitwa The Winged Scourge. Humo vibete saba walewale wa Snow White wanaitwa kupambana na mbu wa malaria: wanafukia madimbwi, wanafyeka majani, wanamwaga mafuta juu ya maji yaliyotuama, wanaweka nyavu madirishani. Ni ya dakika kumi hivi na iwekwe mara baada ya Snow White, hata kama haimo kwenye orodha rasmi. Katika mkoa wa Kagera, ambako watu wamezoea kutoa vyombo nje ili wapuliziaji wa dawa-ukoko wafanye kazi, na ambako chandarua hugawiwa kliniki, filamu hiyo haihitaji utangulizi. Watoto wataona kazi ya shangazi yao wa zahanati ikifanywa na vibete.

Baada ya Pinocchio na Fantasia za 1940 inakuja Dumbo ya 1941, na hapa mtu mzima asitoke kwenda kuangalia ng'ombe. Ni fupi, dakika 64, na ilitengenezwa kwa bei nafuu studio ikiwa na madeni. Mwezi Mei mwaka huo wachoraji waligoma, wakidai chama chao kitambuliwe na mishahara inyooshwe. Mgomo ulidumu wiki kadhaa na uliacha chuki iliyokaa miaka. Ndani ya filamu mna wachekeshaji wa sarakasi wanaopanga kwenda kwa bosi kudai nyongeza, na wengi wamewaona hao kuwa ni kijembe kwa waliogoma. Kijana wa sekondari anayesoma historia ya migomo ya wafanyakazi ana mfano mbele ya macho yake, tena umefichwa ndani ya hadithi ya mtoto wa tembo.

Lakini kuna tukio jingine kwenye Dumbo linalostahili kusimamishwa kwa remoti. Usiku wa mvua, sarakasi imefika mji mpya, na hema kubwa lazima lisimikwe. Wanaofanya kazi hiyo ni vibarua weusi. Wanapigilia vigingi, wanavuta kamba pamoja na tembo, na wote hawana nyuso. Tembo wana macho, pua na aibu. Treni ina uso na inapumua kwa taabu ikipanda mlima. Vibarua hawana hata pua. Baadaye wanatokea kunguru wanaoongea kwa lafudhi ya Wamarekani weusi, na kiongozi wao, ambaye kwenye makaratasi ya studio aliitwa kwa jina lilelile la sheria za ubaguzi za majimbo ya kusini, alipewa sauti na mzungu, Cliff Edwards.

Hilo si doa pekee. Kwenye Fantasia ya 1940 alikuwamo msichana mweusi nusu mtu nusu mnyama, mtumishi wa kung'arisha kwato za wenzake weupe. Studio ilimkata kimyakimya miaka ya 1960, na nakala za leo hazimwonyeshi. Peter Pan ya 1953 inawachora wenyeji wa Marekani kama vinyago vya kuchekwa. Disney wenyewe waliweka tangazo la onyo mwanzoni mwa baadhi ya filamu hizi kwenye huduma yao ya mtandaoni, na mwaka 2021 waliziondoa kadhaa, Dumbo na Peter Pan zikiwamo, kwenye ukurasa wa watoto wadogo.

Wapo wazazi watakaosema: basi tusiwaonyeshe. Hoja hiyo inaeleweka lakini haitoshi. Watoto wa Ngara wameshaziona, maana zimo kwenye flashi, na wameziona bila mwaka na bila maelezo. Anayefuata mpangilio anafika kwenye lile hema la 1941 akiwa na mtu pembeni yake, halafu anaendelea kutembea. Anapita miaka ya 1950 na malkia wake wote weupe, anapita The Jungle Book, anapita miaka ya 1990, hadi The Princess and the Frog ya 2009 ambamo Tiana, mhudumu wa mgahawa wa New Orleans, anakuwa binti mfalme wa kwanza mweusi wa studio hiyo. Imechukua miaka 72 tangu Snow White. Mtoto aliyetazama kwa lundo anaona Tiana yupo, kama alivyo yeyote. Aliyetazama kwa miaka amesubiri, na anajua alisubiri nini.

Bambi ya 1942 ni habari ya aina nyingine, hasa Biharamulo. Wilaya hiyo imeishi na pori la akiba lililobeba jina lake hadi mwaka 2019, mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipounganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Kwa Mmarekani wa mjini, mwindaji wa Bambi ni jinamizi: haonekani kamwe, anasikika kwa bunduki na anaacha moto unaoteketeza msitu. Kwa mtoto ambaye mahindi ya nyumbani kwao yaliwahi kuliwa na ngedere au nguruwe pori, na ambaye amesikia wazee wakizungumzia nyama ya swala kwa sauti ya chini, mizani hailali upande mmoja. Mjadala baada ya filamu hiyo utakuwa mrefu kuliko filamu. Na mwenye jicho la uchoraji atazame mandhari: ukungu na vigogo vilivyodokezwa kwa rangi chache tu ni fikra ya Tyrus Wong, mhamiaji kutoka China aliyeingia Marekani akiwa mtoto, akafanya kazi studio humo ngazi za chini, na kuishi miaka 106.

Baada ya Bambi, mambo yanalegea. Vita iliwafungia Disney soko la Ulaya na kuwachukulia wachoraji, kwa hiyo kati ya 1943 na 1949 walitoa filamu za kuunga-unga, vipande vifupi vilivyoshonwa pamoja. Hapo familia ina ruhusa ya kutazama moja, ikipenda The Three Caballeros, na kuruka nyingine bila dhambi. Kufuata mpangilio si kufunga Ramadhani.

Utamu unarudi na Cinderella ya 1950, na kwa wanaotaka kuona fedha zinavyotawala sanaa, kipindi kinachofuata ni darasa. Sleeping Beauty ya 1959 ilichukua sehemu kubwa ya muongo huo na kugharimu dola milioni 6, kwa sababu mbuni wake wa mandhari, Eyvind Earle, alitaka kila jani lichongwe kama kwenye zulia la kale. Ilipotoka haikurudisha gharama. Miaka miwili baadaye, kwenye One Hundred and One Dalmatians, sura imebadilika ghafla: mistari ni ya penseli, inakwaruza, mandhari ni mepesi. Kilichotokea ni mashine ya fotokopi. Ub Iwerks, rafiki wa Disney tangu ujanani, aliigeuza teknolojia ya Xerox ili michoro ya penseli ihamishwe moja kwa moja kwenye karatasi angavu, bila kupitia kwa wanawake wa wino. Bila mashine hiyo nani angechora mbwa 101 wenye madoa? Studio ilijigamba kwamba madoa yote kwenye filamu ni 6,469,952, hesabu ambayo hakuna Mtanzania atakayeirudia.

Walt Disney alifariki 15 Desemba 1966, The Jungle Book ikiwa bado mezani. Ilitoka mwaka uliofuata. Waliobaki walibana matumizi, na hapa ndipo mpangilio unapolipa kwa namna ambayo lundo haliwezi. Kwenye Robin Hood ya 1973 mna sherehe ya msituni. Bi Marian, ambaye ni mbweha, anacheza, anageuka, anapiga makofi. Mtoto aliyeiona Snow White miezi michache nyuma atakaa wima. Hatua ni zilezile alizocheza Snow White na vibete mwaka 1937, kwa sababu wachoraji walichukua michoro ya zamani na kuchora mbweha juu yake. Dakika hiyohiyo dubu Little John anacheza, naye amevaa mwili wa Baloo wa The Jungle Book, na sauti pia ni ya mtu mmoja, Phil Harris. Hakuna kitabu cha sanaa kinachoweza kumpa mtoto furaha hiyo ya kugundua kwa jicho lake mwenyewe, na hakuna njia ya kuipata pasipo kutazama ya kwanza kwanza.

Miaka ya 1980 ipitwe haraka. The Black Cauldron ya 1985 ilikula dola milioni 44 na ikapitwa kwa mapato na katuni ya dubu wadogo wenye huruma, The Care Bears Movie. Aibu hiyo karibu iizike studio. Kisha The Little Mermaid ya 1989, Beauty and the Beast ya 1991 iliyokuwa katuni ya kwanza kuwania Oscar ya filamu bora, Aladdin ya 1992, na mwaka 1994.

Mwaka huo haupiti hivihivi Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa hesabu ya UNHCR, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24, wakiwamo raia wa kawaida na wahusika wa mauaji waliojichanganya humo. Benaco, kwenye kata ya Kasulo, ikageuka kuwa moja ya kambi kubwa kuliko zote duniani. Mwaka uliofuata shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi likaanzisha Radio Kwizera mjini Ngara, ambayo wilaya hizi mbili husikiliza hadi leo. Desemba 1996 serikali ikawataka wakimbizi wa Rwanda warudi kwao. Misitu iliyokatwa kuni za kambi, barabara zilizotanuliwa na bei zilizopanda na kushuka bado zimo midomoni mwa wenyeji wa umri wa miaka 40 na kuendelea.

The Lion King ilitoka Marekani Juni 1994, wiki saba baada ya lile daraja. Waliotengeneza walikuwa wamekuja Kenya kuchora mandhari, wakaondoka pia na majina ya Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa, hata Shenzi. Kwa fisi, mbio za nyumbu na nyimbo za Elton John, watu wengi hukumbuka filamu ya furaha. Lakini hadithi yake ni ya mtoto aliyeaminishwa kwamba baba yake amekufa kwa kosa lake, akaambiwa akimbie asirudi, akakulia ugenini, na nyumbani kukabaki na mtawala anayeitafuna nchi hadi ikauke. Sauti ya kwanza inayosikika jua likichomoza ni ya Lebo M, Mwafrika Kusini wa Soweto aliyekuwa uhamishoni kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Mbio za nyumbu, dakika mbili na nusu tu, zilichukua kikosi cha kompyuta zaidi ya miaka miwili, ili kila mnyama akimbie bila kumgonga mwenzake.

Katika nyumba ya Kasulo au Rulenge, babu aliyekuwapo atazame hiyo na wajukuu. Hakuna haja ya kumwandalia maswali. Simba akianza kukimbia, mzee ataanza mwenyewe kusimulia barabara ilivyoonekana siku ile, nani alitoa maji na nani alifunga mlango, na filamu itasubiri. Kwa wajukuu wanaodhani Benaco ni mahali malori ya Rwanda yanapolala na chipsi zinapouzwa, hiyo ni historia inayopatikana kwa urahisi sana, mradi ifike kwa mwaka wake.

Kikwazo ni lugha. Filamu hizi zinasema Kiingereza. The Lion King ilipotolewa kwa lugha ya Kiafrika wakati ule, lugha iliyochaguliwa ilikuwa Kizulu, licha ya majina yote yale iliyoyachukua kwa Waswahili. Lakini Tanzania haijawahi kusubiri studio itafsiri. Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyefahamika kama Lufufu, alijaza mabanda ya video kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akiongeza maelezo, utani na mifano ya mtaani. Uganda wana VJ Jingo, Kenya wana DJ Afro. Mtafiti Mjerumani Matthias Krings aliandika mwaka 2010 kuhusu ufundi huo na kuufananisha na kugeuza wali kuwa pilau. Kila nyumba yenye mwanafunzi wa kidato cha tatu ina msimulizi wake. Punguza sauti, mpe dada nafasi, na bibi akiuliza kwa Kihangaza kwa nini malkia anaongea na kioo, dada ajibu kwa Kihangaza. Mwanafunzi atafaidi Kiingereza kuliko kwa kukariri vitenzi.

Kikwazo cha pili ni kisheria, na hakifai kufunikwa kwa busati. Nakala za flashi ni za wizi. Mwenye kazi hapati senti, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo kwa ajili hiyo. Lakini huduma ya mtandaoni ya Disney ilipoingia Afrika mwaka 2022 ilianza na Afrika Kusini na nchi za kaskazini kama Misri na Morocco, na Tanzania haikuwamo. Mzazi wa Biharamulo anayetaka kulipa kihalali ana njia chache na za bei. Kumlaumu yeye kwanza, kabla ya wenye mali waliomruka, ni kukosa adabu ya hesabu.

Wapo pia wanaouliza kwa nini watoto wa Kihangaza na Kisubi wakalishwe mbele ya hadithi za Wajerumani zilizochorwa California, wakati sungura na fisi wapo. Swali ni zuri, na jibu lake si kuchagua. Ubongo Kids ipo tangu 2014 na inasema Kiswahili. Tinga Tinga Tales ya 2010 ilichorwa Nairobi kwa mtindo wa marehemu Edward Saidi Tingatinga. Ndani ya nyumba ya Disney yenyewe mwaka 2023 ilitoka Kizazi Moto, filamu fupi kumi za Waafrika zilizosimamiwa na studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini; mojawapo, Herderboy ya Mganda Raymond Malinga, inahusu wachungaji wa ng'ombe katika Uganda ya wakati ujao. Mtoto aliyetoka 1937 hadi hapo kwa miguu ataelewa umbali uliopo kati ya kibarua asiye na uso na mchungaji anayechorwa na jirani yake wa ng'ambo ya Kagera.

Vituo vya televisheni vingeweza kurahisisha haya yote. TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou mwaka 2011 ikiwa na sauti za Kiswahili, na leo tamthilia za Kituruki zenye sauti za Kiswahili zinatazamwa hadi vijijini kwa ving'amuzi. Kununua haki za katuni za zamani na kuajiri wasimulizi wazuri hakuwezi kuwa kugumu kuliko hapo. Snow White ina dakika 83. Ikianza Jumamosi saa kumi na moja jioni inaisha mapema kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili, hata matangazo ya sabuni yakijazwa humo.